Nyumba ya Arubaini na Mbili

Chokaani ardhi inauma. Ukisimama pwani ya mashariki ya Unguja ukaipa bahari mgongo, unaacha kamba za mwani, unavuka mchanga, unapita nyumba zilizobanana, halafu unakutana na jiwe. Jiwe tupu, kali, lenye matundu na ncha, mpaka lifike msituni. Udongo upo, lakini umejificha katika vishimo vya ukubwa wa sinia, na humo ndimo watu wanamopanda muhogo wao na mbaazi zao. Mtoto wa Chokaani hujifunza kutembea kwa kutoka damu. Ukimwona mtu mzima pale hana kovu ugokoni, jua ni mgeni au ni mvivu.

Mwaka wa sensa alikuja karani na kishikwambi chake, akapita mlango kwa mlango, akaandika watu mia mbili sitini na tatu. Walimjibu vizuri na dafu wakampa. Alipoondoka walicheka, kwa sababu Chokaani haihesabu vichwa, inahesabu ukuta. Mashamba yote ya kijiji yamezungukwa na ukuta mmoja wa mawe makavu, hauna saruji wala chokaa, unamfika mtu kifuani, na wenyewe wanauita bigili. Kazi yake ni moja tu, kumzuia nguruwe wa msituni asiingie. Kila nyumba ina kipande chake cha kukijenga na kukitunza, hatua thelathini kamili. Mwenye kipande ana shamba ndani. Asiye na kipande, hata kama kitovu chake kimezikwa pale, ni mpita njia.

Kila mwaka, kabla ya masika, mzee wa ukuta huuzunguka wote kwa miguu, akifika kwenye kipande huita jina, na mwenyewe husimama mbele ya mawe yake akaitika. Aliyeitika yupo. Asiyeitika, au ambaye kipande chake kimeingiza nguruwe, anarukwa, na shamba lake wanapewa wengine. Neno hilo la kurukwa Chokaani linaogopwa kuliko talaka. Nyumba zilikuwa arubaini na moja tangu enzi za mababu, na majina yote arubaini na moja yalikuwa ya wanaume.

Sasa huyo Biasha binti Borafya. Kwanza ijulikane kwamba hakuwa mtu mpole, na wanaosema leo kwamba alikuwa mpole wanamsingizia. Mama yake alikufa siku aliyomzaa Mudrik, naye Biasha ana miaka kumi, basi akamfunga yule mtoto mgongoni kwa kanga ya marehemu na hakumteremsha mpaka alipoweza kukimbia. Aliyemwita Mudrik muuwa mama alipigwa. Wavulana watatu wa rika lake wana alama za meno yake mpaka leo, na mmoja wao ni imamu.

Aliolewa Kiwengwa. Mume alikuwa mlinzi hotelini, mtu wa kuchekacheka na wageni, na kicheko kikimwishia huko alirudi nyumbani na ngumi. Biasha alivumilia miaka kumi na moja, jambo ambalo mwenyewe hajawahi kulieleza. Siku alipong'olewa meno mawili kwa mpigo mmoja, aliokota mchi uliokuwa kinuni, akamvunja mume mkono juu ya kiwiko, kisha akakaa kitako karibu yake akimsikiliza anavyolia mpaka majirani walipofika. Talaka ilikuja kabla ya bendeji kufunguliwa. Alirudi Chokaani na mabinti wawili na sufuria tatu.

Baba yao alikuwa keshafariki, na kipande cha Borafya kilikuwa cha Mudrik. Huyo Mudrik, Mungu amrehemu, alikuwa mjenzi wa bigili hodari kuliko wote. Alimpa dada yake chumba cha uwani na chakula kilichobaki. Mkewe, Ilham, mwanamke wa Fumba mwenye ulimi mkali na watoto watatu wadogo, alikuwa akiwahesabia wale mabinti matonge mdomoni. Biasha aliomba pembe ya shamba la baba yake, fungu lake la urithi ambalo hata msahafu unamtambulia.

"Dada, n'shakwambia," Mudrik alijibu. "Shamba linafuata ukuta, na ukuta haumjui mwanamke."

Biasha akaenda kwa Mzee Ahmada, mzee wa ukuta, mtu mwenye sauti ya kukwaruza na subira ndogo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nshajua ulichokuja nacho, na jibu hapana."

"Kule upande wa msitu, mnapojenga kwa zamu na kila mwaka panaanguka. Nipeni pale."

Mzee alimtazama mikono. Pale ndipo penye mawe makali na nguruwe wengi, na kila nyumba ilikuwa ikipakwepa. Ili amwondoe mlangoni pake, akasema: jenga hatua thelathini, mwenyewe, bila mkono wa mwanamume, kabla ya masika. Zikisimama siku ya kuhesabu, nitakuita jina. Akaingia ndani akiwa na hakika kwamba yamekwisha.

Hayakwisha. Biasha aliazima mtaimbo, ule mchuma mrefu wa kung'olea mawe, akaanza. Jiwe la Chokaani halitoki kwa heshima. Unalipiga mpaka lipasuke, na likipasuka linakurukia usoni. Wiki ya pili kucha za vidole viwili zilitoka. Wiki ya tano jiwe lilimporomokea kwenye unyayo, akatukana matusi ambayo wanawake wa mwani waliyasikia pwani, akafunga mguu kwa tambara akaendelea. Usiku mabinti walimkanda kwa maji ya moto na chumvi, naye akiuma kanga asipige kelele.

Alipofika hatua ya ishirini na mbili, Mudrik alikuja. Alisimama akautazama ukuta, na kilichomuuma ni kwamba ulikuwa mzuri. Mawe makubwa chini, madogo juu, kila jiwe limekalia mshono wa mawili. Alikuwa anamwona mjenzi mwenzake, na mjenzi huyo ndiye aliyekuwa akimpangusa kamasi.

"Dada, teremka. Unaniaibisha."

"Nnakuaibisha kwa kujenga?"

"Watu wanasema Mudrik kashindwa kumlisha dada yake."

"Basi watu wanasema kweli."

Mudrik akapiga teke. Mawe matano, sita, yakabiringika. Biasha aliokota moja la ukubwa wa ngumi akampiga nalo begani, na mfupa ukasikika. Mudrik akamtandika ngumi ya shavu, Biasha akaanguka chali juu ya ncha za mawe, mgongo ukachanika, lakini aliposhuka alimshika ndugu yake mguu wakaenda chini pamoja. Walibiringishana pale wakipigana kwa viwiko na magoti. Biasha alimuuma mkono mpaka akaionja damu. Mudrik alimbamiza kichwa mara mbili. Wanaume wakatoka mashambani. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hao majembe walikuwa nayo, lakini hakuna aliyelima, walisimama wakatazama mpaka hamu ilipowaisha ndipo wakawaachanisha.

Ilham alikuwa keshafika, mtoto kiunoni. Alimtemea Biasha mate miguuni.

"Mwanamke hana ukuta!" alipiga kelele. "Sikia, wee mwanaharamu wa kuachwa! Hana! Hajapata kuwa nao!"

Biasha alijifuta damu, akayapanga upya mawe sita yaliyoanguka, akaanza hatua ya ishirini na tatu.

Hatua thelathini zilitimia Alkhamisi, siku tatu kabla ya hesabu. Mzee Ahmada alikuja kuzipima kwa miguu yake, akarudia mara mbili akitumaini kukosea. Hakukosea. Habari zikazagaa kwamba mwaka huu patakuwa na nyumba ya arubaini na mbili, na jina lake la kike.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na wanawake jikoni, safu ya tatu ya msikiti ilikuwa na pengo. Waliokuwa karibu waliliona, hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, Biasha alitia mtaimbo begani akaenda kutazama kipande chake. Kulikuwa kumekucha vya kutosha. Alipokuwa katikati ya mashamba alikuta muhogo wa Bi Mwanakheir umefukuliwa tuta zima, mizizi imetafunwa. Alitazama mbele. Kwenye ukuta wake, mahali pasipotakiwa kuonekana kitu, aliuona msitu. Pengo, upana wa hatua tatu. Pembeni mwa pengo mawe yamepangwa, moja juu ya jingine, vizuri kabisa, makubwa chini na madogo juu. Nguruwe hapangi mawe. Aliyekuja kubomoa alikuwa na mkono uliozoea kujenga, na mkono huo haukuweza kulitupa jiwe ovyo hata siku ya ubaya wake.

Na Mudrik mwenyewe alikuwa amesimama ndani ya pengo, ameinama, ameyapa mashamba mgongo, anatazama alama za kwato zilizoingia. Alitaka kuhakikisha kabla hajamwita mzee. Aliziona kwato za kuingia akafurahi, na kwa furaha hiyo hakutazama kama zipo za kutoka.

Kila mtoto wa Chokaani hufundishwa kabla hajafundishwa kusoma: nguruwe hutoka alipoingilia, usisimame kwenye mwanya. Baina ya Biasha na ndugu yake majani ya muhogo yalitikisika, na dume likatoka, jeusi, manyoya yamesimama mgongoni, limekutwa na mwangaza na linautaka msitu.

Biasha aliliona. Alimwona Mudrik. Aliyaona mawe yaliyopangwa. Jina lilikuwa ulimini, na hakuliita. Alivuta pumzi moja, akaona miezi minne ya vidole vyake. Akavuta ya pili, akamwona Ilham na mate yake. Akavuta ya tatu.

"Mudrik!"

Aligeuka kuitika, na akageukia kwake, si kwa nguruwe. Dume lilikuwa lishakimbia. Lilimchukua paja la kushoto kwa jino la chini, likamwinua, likamwangusha juu ya mawe yake mwenyewe, kisha likamrudia kwa kuwa bado alikuwa njiani. Biasha alifika akiwa na mtaimbo juu. Alipiga uti wa mgongo. Nguruwe akageuka na yeye akapiga tena, shingoni, kwa nguvu zile alizokuwa akipasulia jiwe, na mara ya tatu aliuchomeka mchuma nyuma ya sikio akaulalia kwa uzito wake wote mpaka miguu ya mnyama ilipoacha kupiga. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wanasema. Biasha hakuona utamu wowote, alikuwa akilia kwa sauti kubwa na hakujijua.

Wanaume wanne walikuja mbio kwa makelele, wakasimama hatua kumi. Walikuwa na nguo za sala. Mudrik alikuwa ameloa damu yake na damu ya nguruwe, na damu ya nguruwe, kila mtu anajua, haiondoki ila kwa kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi wakasimama wakitazamana, watu wazima na ndevu zao.

"Mnangoja nini?" Biasha aliwafokea, huku akilifunga paja kwa kanga aliyoivua kichwani. "Mnamwogopa nguruwe kuliko Mungu! Kufeni nyote!"

Alimgeuza ndugu yake, akapiga magoti, akamweka mgongoni kama alivyokuwa akimweka zamani, akasimama. Alikwenda naye juu ya ncha za mawe mpaka barabarani, na damu ya moto ikimteremka kiunoni mpaka nyayoni. Njiani Mudrik alisema neno moja tu.

"N'lidhani keshatoka, dada."

Gari ya mkaa ilisimama, ikawachukua. Mudrik alikata roho kabla haijafika lami.

Biasha alijiosha kisimani mara saba, moja kwa udongo. Kanga aliichoma. Zile pumzi tatu hazikutoka kwa maji wala kwa udongo, na hakuna aliyezijua ila yeye. Baada ya mazishi bibi mmoja alisema kisimani kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, na wenziwe wakatikisa vichwa. Biasha alimrushia ndoo iliyojaa, ikampata kifuani, akaanguka matopeni. Toka hapo methali zilisemewa ndani.

Ilham akaingia edani. Kwa miezi minne na siku kumi asingevuka kizingiti, na alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Biasha alimpelekea uji asubuhi ya kwanza. Ilham hakuupokea.

"Ushapata ulichokitaka," alisema nyuma ya mlango.

Biasha aliuweka uji chini akaondoka.

Hesabu ilikuwa imeahirishwa mpaka hitma ipite. Siku mbili kabla ya kuhesabu, Mzee Ahmada alikuja uwani, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mawe tumeyaona," alisema. "Kosa si lako, hutorukwa. Wazee wamekaa. Mudrik hayupo, nyumba yake imekufa. Basi wewe chukua kipande cha Borafya, cha baba yako, na shamba lake lote. Kile cha msituni turudi kukijenga kwa zamu. Nyumba zitabaki arubaini na moja, kama za mababu, na kila mtu kapata."

"Na Ilham?"

"Ilham ana kwao. Akitoka eda atakwenda Fumba na wanawe."

"Watoto wa Mudrik wawe wapita njia."

"Biasha, mwanangu, tunakupa ulichokipigania. Usitutie wazimu."

Shamba lote la baba. Vishimo vyote, na ule mkubwa wa chini ambao muhogo wake hauna nyuzi. Biasha alikuwa akiuota tangu Kiwengwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mzee akaondoka ameridhika.

Asubuhi ya hesabu Mzee Ahmada alianza upande wa pwani, wanaume wakimfuata. Aliita, wakaitika. Kipande cha kumi na saba kilikuwa cha Borafya, na Biasha alikuwa amesimama mbele yake, kanga imekazwa kiunoni, mtaimbo mkononi.

"Vyema," mzee alisema, akavuta pumzi ili amwite.

"Usiniite mie. Kwangu kule msituni, na mwanya nshauziba. Hapa muite Ilham."

Kelele zikazuka. Mwanamke mmoja walikuwa washamtafuna kwa shida, sasa wawili! Mwanamume mmoja alijitokeza mbele, mkubwa wa mwili, amenyanyua bakora.

"Toka hapo, kabla sijakutoa! Mwanamke hana ukuta!"

Maneno yale yale. Biasha aliunyanyua mtaimbo mpaka usawa wa bega. Kwenye mchuma, karibu na ncha, palikuwa na weusi ambao mchanga haukuweza kuutoa.

"Njoo," alimwambia. "Mchuma huu unaujua. Njoo uoshwe mara saba."

Yule bwana alitazama ncha, akatazama uso uliokosa meno mawili, na bakora ikashuka yenyewe. Mzee Ahmada aliutazama ukuta wa Borafya, jiwe kwa jiwe. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni inasema kipande kilichosimama huitwa.

"Ilham binti Haitham!" aliita.

"Naam," Biasha aliitika. "Yuko edani. Mimi nnamjibia."

Mzee akasogea. Baina ya pale na msituni kulikuwa na vipande ishirini na nne kwa njia ya ukuta, na mtu asiyekuwepo kwenye mawe yake anarukwa, awe nani. Biasha akatupa viatu na kukata katikati ya mashamba, mbio, juu ya ncha, akianguka na kuinuka, nyuma yake majina yakiitwa moja moja. Alifika kwake nyayo zimechanika, akausimamia ukuta kwa mgongo. Mzee alipokata kona alimkuta anahema.

"Biasha binti Borafya!"

"Naam!"

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa kichwani. Ilham alikuwa amekaa nyuma ya mlango wake, na watoto watatu wamelala kwenye jamvi.

"Washahesabu?" aliuliza, bila kumtazama.

"Washahesabu."

"Nyumba ngapi?"

"Arubaini na mbili."

Ilham alihesabu kimya, midomo ikitikisika. Alitoa Mudrik, akaweka Biasha, ikampa arubaini na moja. Akarudia. Kisha akaelewa, akajifunika uso kwa ukaya wake, na mabega yakaanza kumtikisika. Biasha alifungua mdomo amwambie na lile jingine, la pumzi tatu. Alisimama hivyo, mdomo wazi, kama alivyosimama kwenye muhogo. Halafu akaufumba, akachukua ndoo, akaenda kisimani kuosha miguu.